Miwani ya Kutazamia Matumbawe: Ipi Ununue Kwanza

Kama una pesa ya kununua kifaa kimoja tu kabla ya safari ya kisiwani, nunua miwani ya kuogelea ukitazama chini ya maji. Mapezi ya kuvaa miguuni na mrija wa kupumulia vinakodishika bila shida kubwa, ila miwani isiyokaa vizuri usoni itakuharibia siku nzima. Samaki aina ya pono wanatafuna matumbawe chini yako, kiasi cha kuwasikia, nawe unahangaika kumwaga maji.

Ya kwanza kwangu ni ile inayofunika macho na pua, yenye vioo viwili vilivyo karibu na macho na ukingo wa silikoni laini. Ndani yake hewa ni kidogo, kwa hiyo maji yakiingia unayatoa kwa kupuliza mara moja puani. Vioo viwe vya kioo kigumu kweli, maana plastiki huchubuka upesi.

Ipime hivi: acha mkanda, iweke usoni, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Ikiganda, chukua. Ikidondoka, irudishe hata kama muuzaji anaisifia. Angalia nywele zisibanwe chini ya ukingo. Wenye masharubu, wapime kwa makini zaidi.

Ya pili ni ya kioo kimoja kipana. Unaona vizuri, ila kuitoa maji kunataka pumzi nyingi kidogo.

Ya tatu ni ile ya uso mzima. Najua wengi wanaipenda kwa kuwa unapumua kwa pua, lakini simshauri anayeanza. Iliyotengenezwa vibaya hukurudishia hewa uliyokwisha kuitoa, yenye kaboni dayoksaidi, na kuivua kwa haraka ukipata taabu si rahisi. Tena nyingi hazikuachi ubane pua ili kusawazisha shinikizo masikioni, kwa hiyo usizame nayo.

Ya mwisho ni miwani ya bwawani. Pua iko nje, hivyo ukishuka mita chache maji yanaikandamiza machoni na huna namna ya kupunguza shinikizo.

Miwani mpya isugue ndani kwa dawa ya meno, uisuuze, la sivyo itashika ukungu. Mapezi chagua mafupi: matumbawe ya mabonge hukua kwa milimita tu kwa mwaka, na teke moja la pezi refu linatosha kuyaumiza.

Pesa ikibaki, nunua fulana ya mikono mirefu ya kuogelea. Mgongo ndio unaoungua na jua, na ukiivaa utapunguza krimu ya jua unayohitaji kupaka. Hawaii imepiga marufuku uuzaji wa krimu za jua zenye oksibenzoni, kemikali ya kuzuia miale ya jua, tangu 2021 kwa ajili ya matumbawe.