Paneli juu ya mabati, tangi chini: sola ipi ununue?

Mvua ya mawe ilipiga Luanda, Vihiga, kwa dakika chache tu, ikapasua paneli niliyomnunulia mama mkwe wangu Kisumu kwa shilingi 6,500. Nilipopanda ngazi siku tatu baadaye, maji yalikuwa yameshaingia chini ya kioo. Kona moja ilikuwa imebabuka, na vigamba vyeusi vyembamba kama maganda ya kitunguu vilikuwa vimelala kwenye gata. Gata hiyo inamwaga tangini, na maji ya tangi hilo ndiyo mama anayopikia chai na wajukuu wanayokunywa.

Nikaigeuza nisome imetengenezwa kwa nini. Kibandiko kilikuwa na wati na volti, basi. Nikarudi dukani, muuzaji akaniambia, "Mama, sola ni sola. Hii ni ya kizazi kipya." Nikamuuliza, kizazi kipya cha madini gani? Akageukia mteja mwingine.

Kwa hivyo mambo ya wati muulize fundi wako. Mimi napanga kwa swali moja: kioo kikipasuka na mvua inyeshe, ni nini kitakachoingia tangini?

Ya kwanza ni Solinc. Nawapendelea na sifichi. Kiwanda kiko Naivasha, hapa hapa kaunti ya Nakuru, tangu 2011 kilipoitwa Ubbink, na paneli zao ni za silikoni. Silikoni yenyewe haina sumu. Lehemu inayounganisha seli za aina hii kwa kawaida huwa na risasi, hata gramu kadhaa kwa paneli kubwa, kwa hivyo ikivunjika usiitupe shambani. Lakini risasi hiyo imeshikana na madini ya bati, ni chuma kitupu, na maji ya mvua huila polepole.

Ya pili, Jinko na Canadian Solar, silikoni vilevile. Hakikisha kibandiko kinasema hivyo.

Ya tatu ni zile nyeusi tupu zenye mistari myembamba, za madini ya kadimiamu na teluriamu, kama za First Solar ya Marekani. Kadimiamu huharibu figo na mifupa. Kule Toyama, Japani, watu walikula mchele ulionyweshwa maji yaliyochafuliwa na mgodi, mifupa ikawa inavunjika ovyo. Ndani ya paneli imefungwa kati ya vioo viwili na haiyeyuki kwa urahisi kwenye maji ya kawaida, na First Solar ina mpango wa kukusanya paneli zake kuukuu. Shida ni kwamba kuna paneli za silikoni nyembamba zinazofanana nazo kabisa. Kwa macho hutazitofautisha, ni kibandiko tu.

Ya mwisho ni perovskaiti, aina mpya ya sola ambayo kwa kawaida huwa na risasi ndani, na hapa naomba unisikilize. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani waligeuza asilimia 3.8 ya mwanga kuwa umeme, leo seli za maabara zimepita 26. Oxford PV ilipeleka paneli zake za kwanza za biashara Marekani mwaka 2024. Zitafika Kisumu. Risasi iliyomo ni chini ya gramu 1 kwa mita ya mraba, na wauzaji watakwambia ni kidogo. Lakini iko katika umbo la chumvi, na chumvi hiyo huyeyuka majini. Kiwango cha WHO ni mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Piga hesabu: nusu gramu inatosha kufikisha lita 50,000 kwenye kikomo hicho, yaani matangi kumi ya lita 5,000. Watafiti walipoweka risasi ya perovskaiti kwenye udongo wa mnanaa mwaka 2020, mimea iliivuta takriban mara kumi zaidi kuliko risasi ya vyanzo vingine. Mimi nawaza sukuma wiki inayopandwa chini ya paa. Na usitulizwe na "haina risasi, ni bati": utafiti wa 2016 kwa samaki wadogo ulionyesha perovskaiti ya bati inawadhuru zaidi, kwa sababu inageuza maji kuwa asidi.

Risasi tunaijua. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika na ile ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu hadi mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020.

Za bei ya chini zisizo na kibandiko kinachotaja zimetengenezwa kwa nini, usinunue.

Kinachoniudhi ni kwamba dukani bei hupanda ukitaja risiti, na paneli ikifa hakuna anayeipokea, ilhali Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka anayeleta bidhaa sokoni awajibike hadi inapokuwa taka. Nimempigia yule muuzaji mara nne.

Tangi tulilimwaga lote na kulisugua. Paneli mpya, Solinc, imesimama juu ya nguzo kando ya zizi, mbali na gata. Ile iliyovunjika nimeifunga ndani ya magunia mawili, iko stoo, juu ya rafu ambayo watoto hawaifikii.