TAHADHARI: Anayeuza Rossi fupi za .357 hapa Dallas–Fort Worth, msimpe hata senti

Ndugu zangu wa Texas, hasa nyie mnaokwenda kusaka nguruwe pori wikiendi, msitoe pesa kabla hamjasoma hii. Kuna Mswahili mwenzetu anauza bunduki fupi za wenzo, zile unazopakia kwa kushusha wenzo wa chini, Rossi 92 za .357 Magnum (huo ni ukubwa wa risasi zake). Mtu wa makamo, sauti ya upole, "mdogo wangu" haimwishi mdomoni. Aliniuzia iliyokatwa mtutu. Imekatwa kwa msumeno, ikapakwa rangi, nikauziwa kana kwamba imetoka hivyo kiwandani.

Jina siweki, wakili kanikataza. Waliokuwepo kwenye ile nyama choma ya mwezi wa tisa wanamjua, ndiye aliyeombea chakula. Ndiyo maana nilimwona mtu wa maana. Tuendelee.

Kwa wale wanaoniuliza bunduki ya kikauboi ya nini zama hizi: nina rivolva ya .357 tangu zamani. Nikiwa na bunduki ya kaliba hiyo hiyo, boksi moja la risasi linalisha zote mbili. Mama watoto akitaka kupiga anawekewa .38 Special, risasi dhaifu zaidi, inaingia chemba ile ile, pale risasi inapokaa, na haimgongi bega. Wala si mtindo wa jana. Winchester ya 1873 na rivolva za Colt zilikula .44-40 moja, na hii Rossi ya Wabrazili ni nakala ya Winchester 1892 aliyoibuni John Browning. Risasi ya .357 ikipata mtutu wa inchi 16 inatoka na kasi kubwa kuliko ile ya rivolva, na kwa nguruwe wa vichakani, karibu, inatosha kabisa. Ni nyepesi na haigongani na mlango wa pikapu. Tena Texas tangu 2019 hudaiwi hata leseni ya uwindaji ukiwapiga nguruwe pori kwenye shamba la mtu aliyekuruhusu. Shida ni kwamba hizo za inchi 16 kila mtu anazitaka. Madukani nikawa naambiwa zimeisha, acha namba ya simu.

Yeye akasema anayo.

Sasa msije kuniambia sikuwa makini. Kabla hajafungua kabati aliniomba leseni yangu ya udereva ya Texas. Akauliza kama nina green card au niko kwa viza, kwa sababu mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha, na yeye, anasema, hawezi kumuuzia mtu kitu kitakachomtia matatani. Yeye huyo! Akanieleza kwamba wakaazi wawili wa Texas wanaweza kuuziana bila kupitia dukani, na ni kweli, sheria ya shirikisho haiwazuii. Akanieleza kwamba kama ningekuwa mtu wa Oklahoma ingebidi ipitie kwa muuzaji mwenye leseni. Kweli pia. Mtu akikupa sheria za kweli mfululizo namna hiyo, ya uongo ikija katikati yake utaishikia wapi?

Gereji yake ni safi kuliko sebule za wengi wetu. Boksi la Rossi liko mezani, lebo yake inasomeka .357, inchi 16. Akaitoa bunduki kwa mikono miwili, akashusha wenzo, akanionyesha chemba tupu. "Usalama kwanza, mdogo wangu." Nikatia kidole, kweli tupu.

Hapo nikamuuliza mwenyewe kuhusu urefu wa mtutu. Naomba hili lieleweke, NILIULIZA, maana najua kuwa chini ya inchi 16 ni kesi. Akatabasamu, akasema swali zuri, wengi hawaulizi. Akachukua ufito wa kusafishia, akautumbukiza kwenye mdomo wa mtutu polepole mpaka ukagota. Akaubana kwa kidole gumba pale ukingoni, akaufunga kipande cha utepe, akauchomoa, akaulaza mezani na tepu ya fundi pembeni. Inchi 16 na robo. Akanisukumia ile tepu nipime mwenyewe. Nikapima. Inchi 16 na robo.

Na hivyo ndivyo ATF wenyewe, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, wanavyopima, ufito kupitia mdomo wa mtutu hadi kwenye uso wa bolti, kile kipande kinachoziba nyuma ya chemba. Nilikuwa nimeshasoma maelezo yao. Nilipomwona anafanya vile vile nikajiambia huyu ni fundi, si mbabaishaji. Ila kwenye maelezo yao bolti inatakiwa iwe IMEFUNGWA. Yeye wenzo alikuwa ameuacha nusu chini tangu aliponionyesha chemba tupu. Bolti imerudi nyuma, ufito umevuka chemba, umeingia ndani ya mwili wa bunduki na kwenda kuigonga bolti huko ilikorudi. Inchi nzima ya hewa ikahesabiwa kuwa ni chuma cha mtutu. Nani angemwambia mwenye bunduki aifunge wakati watu wawili wameinamia mdomo wake? Sote tumefundishwa iachwe wazi. Mshenzi kanipitia kwenye adabu yangu.

Nikatoa dola 900 taslimu. Mpya dukani ni 700 na kitu, lakini si ndiyo hizo hazipatikani? Hati ya mauziano akaiandika kwa mkono wake. Namba ya bunduki akaisoma kwa sauti kutoka kwenye boksi, tarakimu moja moja, mimi natikisa kichwa. Mkewe akaleta chai ya tangawizi na mandazi. Nimekula mandazi nyumbani kwa watu hawa, nikaomba na ya kufungiwa!

Baadaye nikaipeleka kwa fundi wa bunduki aniwekee kilengeo kingine cha nyuma. Mzee wa Kimarekani, hana maneno mengi. Akafunga bolti, akaipindua, akatazama mdomo wa mtutu kwa tochi, akaenda nyuma kuchukua ufito. Akapima. Akapima tena. Inchi 15 na robo. Akanirudishia bunduki kwa vidole viwili, akasema haiwezi kulala kwenye karakana yake hata usiku mmoja, na kwamba nitafute wakili kabla sijamtafuta muuzaji. Kulikuwa na wateja kwenye kaunta, wote wakanyamaza. Mtu mweusi mwenye lafudhi, katikati ya duka la bunduki Texas, ameshika silaha haramu. Nilitoka pale jasho linanichuruzika na kiyoyozi kinapuliza.

Kwa wasiojua uzito wake: sheria ya silaha ya shirikisho ya 1934 inasema bunduki ya begani yenye mtutu chini ya inchi 16, au urefu wote chini ya inchi 26, lazima iandikishwe ATF kwanza, kabla ya kuikata na kabla ya kuipokea. Bila hivyo ni hadi miaka 10 jela na faini inayoweza kufika dola 250,000. Kwetu sisi wa green card kuna nyongeza, kwani hatia ya silaha peke yake inatosha kukurudisha ulikotoka.

Nilimpigia simu. Mnajua alijibu nini? "Mbona siku hizi bure, mdogo wangu, wameshaondoa ile kodi." Kodi! Ni kweli ile kodi ya dola 200 ya kutengeneza au kuhamisha bunduki fupi kama hii, iliyokaa pale pale tangu 1934, imekuwa sifuri kuanzia Januari 1, 2026. Kilichokuwa bure ni kodi. Fomu, picha, alama za vidole na kusubiri idhini viko vile vile. Na iliyokwisha kukatwa kienyeji, wewe uliyeuziwa huwezi kwenda kuiandikisha baadaye ikatakasika. Kwa hiyo alijua! Mtu asiyejua ametengeneza nini angeshtuka, asingenitajia kodi. Nilipomwambia kuhusu fundi akasema labda fundi hajui kupima, akakata. Sasa hivi simu yake kwangu haiiti.

Wakili ananiambia kuna uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, Staples, wa 1994, kwamba serikali inapaswa kuthibitisha mtu alijua ile sifa inayoifanya silaha yake iangukie kwenye sheria hiyo. Kabla ya kwenda kwa fundi sikujua, na nina hati na ushahidi. Tangu siku ile najua, kwa hiyo haitakiwi kukaa kwangu. Wakili ndiye anayeshughulikia kuikabidhi. Ada yake imeshapita bei ya bunduki, siitaji hapa, nitalia.

Mtu huyu anatakiwa afungwe. Nasema wazi, na wazee wa jumuiya mnaonipigia mkisema tulimalize kifamilia, hapana. Familia gani inakupa kifungo na mandazi? Watoto wangu wangekuja kunitembelea gerezani kwa sababu ya mtu kutaka dola mia na kitu za juu. Afungwe, avuliwe na ile heshima ya kukaa mbele kwenye kila sherehe. Anayemfuga ajue anafuga nini. Na kama yeye naye ana karatasi za uhamiaji, basi zikafunguliwe hizo karatasi tuone.

Dalili zilikuwepo, nazitaja haraka. Namba ya kwenye boksi si ya kwenye bunduki. Boksi lilikuwa la bunduki nyingine kabisa, na hati yangu ina namba ya hiyo nyingine. Rossi ya inchi 16 hubeba risasi 8 kwenye bomba la risasi lililo chini ya mtutu, yangu ya nane iligoma kuingia, nikadhani springi ni mpya. Rangi ya mdomo wa mtutu ilikuwa nyeusi zaidi ya kwingine. Kilengeo cha mbele kimeinama kidogo. Halafu kubwa kuliko zote: nilimwambia twende dukani kwa mwenye leseni, tujaze fomu 4473, ile fomu ya shirikisho ya kununulia silaha dukani, nitalipa mimi ada ya kuhamisha, akasema mbona tunafanyiana kama hatujuani. Ukisikia maneno hayo ondoka. Nyingine nitaongeza nikizikumbuka.

Ukipima, pima bolti ikiwa imefungwa, baada ya kuhakikisha ni tupu. Kitu kingine, kwa wanaoniambia "mbona Rossi Ranch Hand ina inchi 12 na inauzwa dukani": ile imezaliwa bastola kiwandani, haina kitako cha begani, ni kitu kingine kisheria. Ukiiwekea kitako bila idhini unaingia kwenye shimo hili hili nililomo mimi. Msibishane na mimi kwenye hilo, nimelilipia.

Nimesikia kutoka kwa mtu wa Houston kwamba jamaa bado anauza, na kwamba safari hii alikuwa na ya .44 Magnum, "fupi, nzuri, ya kiwandani". Aliyeichukua, kama upo hapa: usiende nayo kulenga shabaha, usivuke nayo mpaka wa jimbo, usijaribu kuunganisha mtutu mwenyewe gereji, na usimrudishie yeye, maana kumkabidhi nayo pia ni kosa. Tafuta wakili wa silaha, kisha niandikie faraghani nikupe namba ya wangu. Tukiwa wawili kesi yake inakuwa nzito zaidi.