Mkopo wangu wa sare za shule: asilimia 14 iliyogeuka kuwa 25

Nashona sare za shule katika Soko la Uhuru, hapa Nairobi. Sisi wa sare pesa hututoka Oktoba na Novemba tukinunua majora ya vitambaa Eastleigh, na hurudi Januari shule zikifunguliwa. Ndiyo maana Novemba 2024 nilikopa shilingi 300,000 kwa miezi 12 kutoka kampuni moja ya mikopo midogo. Nimemaliza kulipa, na nina la kusema.

Kwanza niwape haki yao. Afisa wa mikopo alikuja mwenyewe kibandani, kijana mwenye adabu, akahesabu cherehani zangu nne na mashine ya ovaloki, akapitia taarifa yangu ya M-Pesa ya miezi sita, akaziandikisha mashine kuwa dhamana. Hatimiliki ya shamba hakuiuliza, na hiyo ndiyo iliyokuwa imenikwamisha benki. Siku ya nne pesa ikaingia. Aliyewahi kuona majora mazuri yakibebwa na wenzake huku yeye akisubiri benki anajua siku nne zina thamani gani.

Ila zilizoingia zilikuwa 288,000. Walikata asilimia 3 ya kushughulikia mkopo na 3,000 za bima, kisha riba wakaihesabu kwa 300,000 nzima.

Sasa hiyo riba. Niliposikia asilimia 14 kwa mwaka nilifurahi, maana wakati huo wastani wa riba ya mikopo ya benki ulikuwa umepita 17. Sikuuliza: asilimia 14 ya nini? Ilikuwa ya mkopo wote, mwaka mzima, hata nikiwa nimeshalipa sehemu kubwa. Riba 42,000, malipo ya kila mwezi 28,500. Mpwa wangu anayesomea uhasibu ndiye aliyenikalisha chini na kikokotoo. Asilimia 14 hiyo hiyo ingetozwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, ningelipa riba ya kama 23,200 tu. Na mkopo wangu, ukiupima kwa njia ya salio, ulikuwa wa karibu asilimia 25. Yaani niliikimbia benki ya 17 nikaangukia ghali zaidi.

Agosti 2025, baada ya malipo tisa, nilikuwa na akiba ya kumaliza deni. Nikaomba nisamehewe riba ya miezi mitatu iliyobaki, shilingi 10,500. Wakakataa. Nikamwambia afisa kwamba Benki Kuu imeshusha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 13 mwaka uliotangulia hadi 9.5. Akanijibu taratibu, "Mama, mkataba wako ulishafungwa." Hilo liliniuma kuliko yote.

Desemba 2025 kiwango cha Benki Kuu kilifika 9, na sokoni kila mtu anauliza kama mikopo itazidi kushuka. Tangu mwezi huo mikopo mipya ya benki yenye riba inayobadilika kwa kawaida inapangwa kwa KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hukopeshana usiku mmoja, kisha benki inaongeza sehemu yake kulingana na hatari inayoiona kwako. Sehemu ya kwanza ni yetu sote. Ya pili inakuhusu wewe na historia yako ya kulipa, na ndiyo ya kuibishania. Maoni yangu ni kwamba mteremko mkubwa tumeshaupita. Mafuta yakipanda bei au shilingi ikidhoofika, mambo yanaweza kugeuka.

Lakini nilifanya hesabu nyingine iliyonishangaza. Kwenye mkopo kama wangu ukihesabiwa kwa salio, pointi zote nne ilizoshusha Benki Kuu, kutoka asilimia 13 hadi 9, zikinifikia ni nafuu ya kama 6,500 kwa mwaka. Namna ya kuhesabu riba peke yake ilinigharimu karibu 19,000. Kwa hiyo kabla ya kusaini, omba ratiba ya malipo iliyochapishwa uangalie safu ya riba. Ukikuta ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa kumi na mbili zinalingana, unatozwa riba ya pesa ulizokwisha kurudisha.

Msimu uliofuata nilienda kwa Sacco yangu, chama chetu cha akiba na mikopo. Asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio, riba yote 19,500 kwa 300,000 zile zile. Si rahisi: lazima uwe na akiba, wao hukopesha mara tatu yake, na mimi 100,000 zimenichukua miaka kuzifikisha. Wanataka wadhamini watatu pia, na mmoja wangu alijitoa dakika za mwisho, nikazunguka soko zima kutafuta mwingine. Fomu niliipeleka mwanzo wa Septemba, pesa ikaingia wiki ya kwanza ya Oktoba. Kitambaa cha bluu nilichokitaka bado kilikuwepo.