Asali ya Miombo Kutoka Tabora: Lita Mbili za Kusifu na Chupa Moja Iliyofura Safarini

Duka ninaloliandikia hapa halina bango. Lipo mtaa mmoja nyuma ya soko, Tabora mjini, na mwenyeji akikuelekeza atakwambia tu utafute chumba chenye madumu ya njano yaliyopangwa mlangoni. Nilifika mwezi Julai, msimu mkubwa wa kurina ukiwa umepamba moto, nikiwa na kazi nyingine iliyoniachia jioni nne zisizo na shughuli. Nilinunua lita mbili za asali ya nyuki wakubwa, nusu lita ya asali ya nyuki wadogo wasiouma na kipande cha sega, nikavipeleka nyumbani Dar es Salaam na kuvitumia kwa miezi mitatu kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa asali huonyesha tabia yake ikishakaa kabatini, si siku ile inapoonjwa kwa ncha ya kijiko mbele ya muuzaji.

Muuzaji ni mzee ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alianza kuingia porini na baba yake akiwa mtoto. Nilimwamkia, tukajuliana hali, kisha nikamwomba afanye lile jaribio la kutambua asali halisi ambalo wengi wetu tumefundishwa, yaani kuchovya njiti ya kiberiti ndani ya asali na kuiwasha. Akacheka kwa upole. “Mwanangu, hiyo njiti itawaka hata ukiichovya kwenye sukari iliyochemshwa ikawa nzito,” alisema. Alisema kweli. Njiti huwaka ikiwa uji wenyewe ni mzito na hauna maji mengi, na mtu anayechakachua asali anajua vizuri namna ya kuufanya uji wake uwe mzito. Vivyo hivyo kwa tone linalozama moja kwa moja kwenye glasi ya maji. Na kuhusu sisimizi wanaodaiwa kuikimbia asali halisi, yeyote aliyewahi kusahau kufunga chupa yake vizuri usiku mmoja anajua kwamba wanaipenda sana.

Alichofanya badala yake ndicho kilichonifanya nione duka hili linastahili kuandikiwa. Alitoa mfukoni rifraktomita, kifaa cha mkono chenye umbo la darubini fupi, akadondosha tone la asali juu ya kioo chake, akafunika, akanipa nitazame nikielekea mlangoni kwenye mwanga. Ndani yake pana kipimo chenye namba, na mahali ambapo sehemu ya buluu inakutana na nyeupe ndipo unaposoma kiasi cha maji. Mstari ulisimama kati ya 18 na 19. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, kiitwacho Codex, kinataka maji katika asali ya nyuki wakubwa yasizidi asilimia 20, na sababu yake si urasimu: maji yakizidi hapo, hamira za asili zilizomo ndani ya asali hupata nafasi ya kufanya kazi, na asali huchachuka. Nyuki wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana hupepea nekta, yaani maji matamu ya maua, kwa mabawa mpaka ikauke vya kutosha, kisha hufunika kila kitundu cha sega kwa nta. Mrina asali mwenye subira huchukua masega yaliyofunikwa na kuyaacha yale yaliyo wazi. Mwenye haraka hukata yote, pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki, na mnunuzi ndiye anayelipia.

Kila dumu lilikuwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu: mwezi wa kurina na aina ya mizinga. Nilichagua lililoandikwa “Juni, mizinga ya mbao”, lakini kwa udadisi nikaomba kuonja na la mizinga ya magome. Tofauti ilikuwa wazi. Asali ya magome ilikuwa na moshi mwingi nyuma ya utamu, ule moshi wa mwenge unaobaki ulimini kama chai ya kuni, na ilikuwa na chembechembe za chavua na vipande vya sega. Wako wanaoipenda hivyo, na sitawabishia, kwa maana kwa vizazi vingi hiyo ndiyo imekuwa asali ya Unyamwezi. Mimi nina shida nayo kwa sababu nyingine: mzinga mmoja wa gome hupatikana kwa kuuchuna mti ukiwa hai, kuuzunguka wote, na mti uliochunwa hivyo hufa. Miti inayochunwa mara nyingi ni ile ile ya miombo ambayo maua yake ndiyo chakula cha nyuki. Ukiongeza misitu inayokatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku katika mkoa huo huo, unaelewa kwa nini mzee anahimiza wanaomletea mzigo wahamie kwenye mizinga ya mbao yenye viunzi vya juu, ambayo mrinaji hufungua mfuniko na kuinua sega moja moja bila kuwaharibia nyuki nyumba nzima.

Sasa asali yenyewe. Rangi ni ya kahawia iliyokolea yenye wekundu kwa mbali, ukiishika chupa mbele ya dirisha. Inamiminika polepole, ikitengeneza mkunjo juu ya mkunjo kabla ya kutulia. Harufu yake inanikumbusha maua ya porini baada ya mvua, pamoja na kitu kinachokaribia ubani, na utamu wake hauishii ulimini. Hukereketa kidogo kooni na kukaa. Hii ni kazi ya miti ya jamii ya Brachystegia na Julbernardia, inayotawala misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania. Niliiweka kwenye uji wa ulezi, kwenye chai ya tangawizi na juu ya viazi vitamu vya kuchemsha, na ni kwenye viazi ambapo ilishinda kila kitu nilichowahi kununua mjini. Kufikia mwezi wa tatu tangu niinunue ilianza kuganda chini ya chupa, punje ndogo kama chumvi laini. Naeleza hili kwa sababu jirani yangu alipoiona alisema nimeuziwa sukari. Kuganda ni tabia ya glukosi, sukari ya asili iliyomo ndani ya asali, na asali ya alizeti, kwa mfano, huganda haraka zaidi kuliko hii. Unaiweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono unaweza kuyavumilia, unasubiri. Usiichemshe jikoni, maana moto mkali huua vimeng'enya na kuipotezea harufu.

Kuhusu bei, nililipa shilingi 12,000 kwa lita, na hapa mnunuzi wa mjini anapaswa kuwa macho kidogo. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja huwa na uzito wa takriban kilo 1.4. Kwa hiyo lita ya Tabora ilinigharimu kama shilingi 8,600 kwa kilo. Kopo la gramu 500 ninalolinunua Dar es Salaam kwa shilingi 9,000 halijai hata nusu lita, ni kama mililita 357 tu, na hesabu yake inafika shilingi 18,000 kwa kilo. Najua usafiri, kopo zuri na lebo vina gharama zake. Lakini mara nyingi nimeona watu wakilinganisha “nusu” na “nusu” bila kuuliza ni nusu ya nini.

Lawama yangu kwa duka hili ni kuhusu asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambao huhifadhi asali yao ndani ya vijungu vidogo vya nta iliyochanganywa na utomvu badala ya masega ya pembe sita. Asali yao ni nyepesi, chachu, yenye ladha inayokaribia ndimu, na watu huinunua kwa bei kubwa kama dawa ya kifua. Ina maji mengi kwa asili, mara nyingi zaidi ya asilimia 25, na hivyo huchachuka kirahisi mno. Mzee anajua hayo yote, kwani alinieleza yeye mwenyewe, lakini akanijazia mpaka shingoni kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyokwisha kutumika, akakaza kizibo kwa nguvu zake zote. Basi lilipofika Manyoni mchana wa jua kali, chupa ilikuwa imevimba kama mpira. Nilipoilegeza kizibo, povu lilipanda, likamwagikia begi langu na kitenge cha mama aliyeketi kando yangu, ambaye kwa bahati alicheka na kulamba kidole. Karibu theluthi moja ilipotea. Iliyobaki niliiweka kwenye jokofu na ilikuwa tamu, lakini kwa bei ya shilingi 30,000 kwa lita, mtu hatazamii kuinywesha begi.

Kasoro nyingine ni ndogo zaidi. Chupa hazina lebo yoyote, wala tahadhari kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa asali, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi na wazazi wengi hawalijui. Karatasi zile nzuri za mwezi na aina ya mzinga zinabaki kwenye dumu. Mteja haondoki nazo. Sega nililonunua lilikuwa safi, limefunikwa lote, na halikufika hata wiki.

Nilimpigia simu mzee mwezi Oktoba kuagiza lita tano za nyuki wakubwa, nikamweleza habari ya begi. Alipumua, akasema pole mwanangu, kisha akauliza kama nitapenda safari hii aongeze nusu lita ya wadogo bila malipo, ndani ya chupa ya kioo, isiyojazwa mpaka juu. Mzigo ulikuja kwa basi siku tatu baadaye. Chupa ya kioo ilikuwa na nafasi ya vidole viwili juu, na shingoni mwake, kwa uzi, alikuwa amefunga kikaratasi: “Septemba, nyuki wadogo, fungua polepole.”