Kunyanyua Hilux na kuivalisha matairi makubwa: kipi kwanza, kipi uachane nacho

Itazame Hilux tupu ikiwa imeegeshwa, usimame ubavuni. Pua imeinama, mkia uko juu. Wengi huona ni kasoro, wakaikimbiza gereji inyanyuliwe mbele. Jaribu kwanza kupakia magunia kumi ya mahindi ya kilo mia mia. Mkia utashuka, gari litakaa sawa, na utaelewa kwamba Toyota walilipangia tani moja mgongoni. Ukilisawazisha likiwa tupu, siku ya mzigo taa zako zitawamulika usoni wanaokuja, na usukani utakuwa mwepesi kuliko unavyotaka uwe kwenye mteremko wa Kitonga.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, chukua tepu. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, mara moja gari likiwa tupu na mara moja likiwa na mzigo wako wa kila siku. Andika namba hizo. Fundi anayekuuliza "tupandishe inchi ngapi?" bila kuuliza unabeba nini, huyo anauza spea tu.

Mimi ningeanza na matairi. Springi na spesa (vipande vya kuongezea kimo) hunyanyua bodi na chasisi, lakini difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli, hubaki palepale ilipokuwa, maana imekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye magurudumu. Kitu pekee kinachoiinua difu ni tairi. Revo nyingi (Hilux za kuanzia 2015) za rimu 17 zinakuja na 265/65R17, lenye kipenyo cha milimita 776 hivi. Ukivalisha 265/70R17 unafika 803, na difu inapanda milimita 13. Ukienda 285/70R17 unafika 831, difu inapanda 27. Sentimita moja na ushee utaidharau mpaka siku utakayolima kwa tumbo tuta lililoachwa katikati ya njia na matrekta.

Chaguo langu la kwanza ni hilo 265/70R17 la aina ya A/T, yaani la lami na vumbi. Kwenye Revo nyingi linaingia bila kunyanyua chochote. Kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, uangalie kama linagusa madigadi au plastiki ya ndani ya fenda. Anayeshinda kwenye lami, rafu rodi mara mojamoja, abaki na 265/65R17 ile ile ila anunue A/T yenye kuta ngumu, iliyoandikwa LT, yaani ya magari madogo ya mizigo. Hili naliweka la pili, na kwa watu wengi kusema kweli linatosha kabisa.

285/70R17 ni la tatu, japo ndilo linalopendeza kwenye picha. Linataka gari linyanyuliwe, plastiki za fenda zikatwe, na mara nyingine chuma cha nyuma ya tairi la mbele kipunguzwe. Ni zito, injini utaisikia ikiomba gia mlimani, na mafuta yataliwa. Halafu kuna tochi za trafiki. Dashibodi ikisoma 50 kama zamani, gari sasa linakwenda kasi zaidi kwa asilimia 7 kuliko lilivyokuwa linakwenda na tairi la mwanzo. Kwa 265/70 ni asilimia 3 na kidogo. Askari hatakuuliza saizi ya tairi.

M/T, yaani matairi ya tope, waachie wanaoishi kwenye udongo mweusi wa mbuga. Huko A/T hujaa tope na kugeuka andazi, M/T huutapika. Ila kwenye lami yenye maji M/T huteleza, na kelele yake safari ya Dar hadi Mbeya utaikoma.

Sasa kunyanyua. Hapa nafasi ya kwanza naipa springi mpya pamoja na shokapu zake, milimita 40 hadi 50 na si zaidi. Waaustralia wanaiendesha Hilux kwenye njia kama zetu, na seti zao kama Old Man Emu ya ARB au Ironman 4x4 huuzwa kulingana na uzito wa gari: springi ya gari lisilo na ngao mbele ni tofauti na ya gari lenye ngao ya chuma na winchi. Usiuziwe ya ngao kama huna ngao. Gari litadunda kama mpira, nawe utalaumu shokapu bure.

Hilux za zamani kidogo, zile za 4x4 kabla ya Vigo (iliyotangulia Revo) zenye tosheni baa mbele, yaani nondo inayojisokota badala ya springi, zinaweza kupandishwa kwa kukaza boliti tu, bila kununua kitu. Kidogo si mbaya, naiweka ya pili. Ukizidisha, tairi halina tena nafasi ya kushuka likiingia shimoni, na mbele panagonga "ko!" kila tuta.

Spesa inayokaa juu ya shokapu ni ya tatu, na ndiyo inayouzwa zaidi kwa sababu ni rahisi. Haibadilishi ugumu wa springi, hivyo gari halibebi hata kilo moja zaidi. Pia shokapu haikai moja kwa moja juu ya tairi, imekaa katikati ya mkono wa chini unaoshika gurudumu, kwa hiyo spesa ya sentimita 3 hupandisha gari karibu mara mbili yake. Niliwahi kufungiwa moja nene na gereji fulani. Miezi michache baadaye mpira wa shafti ya mbele ukapasuka na grisi ikatapakaa ndani ya rimu, kwa sababu shafti ilikuwa imekaa kwa pembe kali muda wote. Spesa juu ya spesa, au shakeli ndefu za kuchomelea nyuma (vile vyuma vinavyoshika ncha za springi), sizipi hata nafasi ya mwisho.

Na nyuma pana jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi. Hilux nyingi zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti. Mkia ukishuka kwa mzigo, valvu hupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ukiunyanyua mkia, valvu inadhani gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma zinalegea hata ukiwa na tani. Mwambie fundi akirekebishe kijiti hicho siku hiyo hiyo.

Alaimenti ni lazima, na kabla ya kulipia waombe wajaribu kama boliti za mikono ya chini zinazunguka. Zikiwa zimekamatwa na kutu, alaimenti utakayopewa ni ya karatasi.

Nunua matairi matano, si manne. Spea ya saizi ya zamani ukiifunga nyuma halafu ukaingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu, gia boksi na difu zinavutana. Jaribu pia kama tairi jipya linaingia chini ya bodi linapokaa spea. Dukani soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3522 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2022. Ukikuta 0917, mrudishie muuzaji hata kama vinyweleo bado vipo.