Kinu cha Katwe kimesaga kinywe changu hadi kikawa masizi

Nyota tatu kati ya tano, na zote ni za fundi, si za kinu chake.

Karakana ni ya kusaga chokaa na unga wa rangi, pale Katwe, Kampala. Niliwapelekea nusu kilo ya kinywe, madini yale ya penseli yanayopatikana pia Orom, kule Kitgum. Nilitaka nipate unga laini wa kupaka kwenye karatasi ya shaba, uwe elektrodi hasi, yaani upande wa hasi, wa betri ya lithiamu. Tulikubaliana shilingi 30,000: fungu la kwanza lisagwe saa 2, la pili saa 40.

"Ssebo, unataka masizi?" fundi akaniuliza. Nilicheka tu. Kumbe alikuwa ameshaona mbali.

Kinywe ni kama chapati zilizopangwa, na lithiamu hujipenyeza katikati yake betri inapochajiwa. Gramu moja hubeba chaji ya mAh (milliampea-saa) 372 kwa hesabu ya vitabuni, yaani atomi moja ya lithiamu kwa atomi sita za kaboni. Gololi za kusagia zikidondoka kwa kishindo ndani ya pipa la kinu linalozunguka, chapati huvunjika na kupindana. Kaboni iliyovurugwa hivyo huweza kubeba hata zaidi ya 372, na ndicho kilichonitia tamaa. Ila uso wake unakuwa mpana mno: chaji ya kwanza huliwa na utando unaojijenga juu yake, na lithiamu hiyo hairudi. Isitoshe, lithiamu iliyoingia kwa volti ndogo hutoka kwa volti kubwa, kwa hiyo betri nzima inapoteza nishati.

Kwenye seli zangu za kitufe, yaani betri ndogo za majaribio, unga wa saa 2 ulitulia vizuri. Ule wa saa 40 ulimeza chaji kwa pupa, nilipoidai ukanirudishia kama nusu. Halafu nikausogezea sumaku ya spika mbovu: chembe za chuma zikasimama kama nywele! Gololi zao ni za chuma, nazo zililika.

Fundi hakununa. Nilimweleza apunguze mwendo wa pipa, gololi ziteleze na kusugua badala ya kudondoka, maana kusugua kunabandua tabaka bila kuziponda sana. Amekubali, mradi gololi za kauri nilete mwenyewe.

Mkienda, bebeni na mtungi wenu. Wa kwao ulikuwa bado na rangi nyekundu kwenye kona.