TAHADHARI: "Bima ya vespa za kale" inayolipa hata chombo kikikamatwa ni utapeli

Ndugu zangu wenye vespa, Honda za zamani na makorokoro mengine tunayoyapenda kuliko akili, kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Dar na Unguja akijiita wakala wa bima ya vyombo vya kale. Amenipiga laki tano na elfu tano. Nilitaka kunyamaza nife na aibu yangu, lakini wiki iliyopita nimemwona anamfuata kijana mwingine kwa maneno yale yale.

Chombo chenyewe ni Vespa P150X ya 1981 ya marehemu baba. Kaipanda Unguja zaidi ya miaka thelathini, jioni anarudi na samaki wananing'inia kwenye ile ndoano ya chini ya siti. Baada ya arobaini ndugu wakakubaliana niichukue mimi, nikaivusha kuja Dar kwa kibali cha muda cha forodha. Hapa kuna kosa langu, nalisema mapema ili msije mkanitetea: kibali kiliisha, nami nikaendelea kutembea na namba za Z, za usajili wa Zanzibar, kila Jumamosi, nikimwona trafiki moyo unaruka. Mtu mwenye hofu ya aina hiyo ndiye anayetafutwa na huyu jamaa. Hamtafuti mwenye kadi safi.

Alianza kwa kusifia picha niliyoweka. Akaingia inboksi: "Kaka, chuma kama hicho hakina bima? Wizi, moto, ajali, na hata TRA au polisi wakikishika, tunalipa ndani ya siku 14." Hilo la mwisho ndilo lililoniuza. Bei 185,000 kwa mwaka, bima kubwa, ile inayolipa hasara ya chombo chako mwenyewe. Akaomba picha ya kadi, ya namba ya chasesi, na ya mahali inapolala usiku, "kwa ajili ya tathmini." Nikatuma yote isipokuwa kadi, maana kadi ilikuwa kwa mama Unguja. Hela nikarusha kwa simu. Jina lililotokea ni la mtu, si la kampuni. Nikamuuliza, akajibu, "Huyo mhasibu wetu, bosi." Nami nikabonyeza namba ya siri. Jioni yake stika ikaja kwenye simu, na hati yenye nembo, mhuri na kile kimraba cha kuskani.

Wiki tatu baadaye napigiwa na mtu mwenye sauti nzito anayejitambulisha kuwa afisa wa forodha. Hakubabaisha. Anajua ni vespa, anajua rangi yake, anajua inalala kwenye korido ya nyumba Magomeni. Akanisomea namba ya chasesi herufi kwa herufi. Akasema kesho inakuja kubebwa, na isipokombolewa itapigwa mnada. Nikampigia wakala wangu mbio mbio. Yeye mpole kabisa: "Usijali kaka, ndiyo maana ulikata bima. Weka tu ile sehemu unayobeba mwenyewe, 320,000, kampuni inamalizia kwao." Nikaweka. Nilihisi nimeokoka.

Kilichonizindua ni fundi. Mzee aliyekuwa akiitengeneza vespa ya baba nilimpigia siku mbili baadaye kwa jambo jingine kabisa, kabureta ilikuwa inavuja, nikamsimulia mkasa. Akaniuliza, "Hiyo namba aliyokusomea inaanzaje?" Nikamwambia VLX1M. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hiyo M ni ya injini. Bodi ni VLX1T. Baba yako hakukufundisha?"

Kwa wasiojua: kwenye Vespa za mfululizo huu herufi ya mwisho ya kile kitangulizi ndiyo inayotofautisha. T ni telaio, neno la Kiitaliano la fremu, yaani bodi au chasesi, na M ni motore, injini. Namba ya bodi iko upande wa kulia, unatoa kifuniko cha injini ndipo unaiona imegongwa kwenye ukingo wa bati. Ya injini imegongwa kwenye injini yenyewe. Mimi kwa haraka zangu nilimpigia wakala picha ya namba ya injini nikidhani ndiyo chasesi. Sasa fikiria. Afisa wa kweli angesoma kutoka kwenye kumbukumbu za usajili, ambako chasesi imeandikwa sawasawa. Huyu alisoma kosa langu mimi, kosa nililompa mtu mmoja tu duniani. Afisa na wakala ni kitu kimoja, au wanakaa meza moja.

Ndipo nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza. Niliingia kwenye TIRA MIS, ule mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima wa kuhakiki stika, nikaingiza namba ya stika yangu. Ikaja Bajaji. Stika halali kabisa, ya Bajaji ya mtu mwingine. Jamaa anachukua stika ya kweli, anabadilisha jina na namba ya chombo juu yake. Kwa hiyo msiridhike na kusoma "ipo hai" mkafunga simu. Linganisha namba ya usajili na chasesi inayoonekana pale na ya chombo chako. Kile kimraba nacho kilikuwa kinafungua ukurasa wao wenyewe, umepambwa, kila ukiskani unasema sawa. Usiskani, andika anwani ya mfumo mwenyewe.

Sasa lile suala la kukamatwa. Baada ya haya nilikwenda kwenye kampuni tatu za bima, ofisini kwao, kwa miguu yangu. Mbili zilikataa bima kubwa kwa sababu ya umri wa chombo, wakasema watanipa bima ndogo tu, ile ya kulipa hasara utakayomsababishia mtu mwingine. Ya tatu ilikubali kwa sharti la ripoti ya mthamini. Niliomba nisome masharti kabla ya kulipa, na kwenye yale mambo wasiyolipa imo wazi: kukamatwa, kuzuiliwa au kutaifishwa chombo na mamlaka ya serikali. Dada wa pale akaniambia bila kuzunguka kwamba ukikamatwa kwa kosa lako la kodi, hakuna kampuni itakayolipa badala yako. Kwa hiyo mtu akikuahidi hicho kipengele, huna haja ya kuhakiki kitu kingine. Kata simu.

Jambo jingine nililojifunza pale, na hili linawahusu hata wenye bima halali. Kwa chombo cha kale mkubaliane thamani na iandikwe kwenye hati. Usipofanya hivyo, siku ikiibiwa watakulipa bei ya sokoni, na sokoni wataitazama kama pikipiki kuukuu. Na usiiandikishe chini ya thamani ili upunguze malipo. Chombo cha milioni sita ukikiandikisha milioni tatu, kikipata hasara ya milioni moja wanaweza kukulipa laki tano tu, kwa hoja kwamba nusu nyingine ulijiwekea bima mwenyewe. Hesabu yao ndivyo ilivyo.

Halafu kadi. Yangu ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Hata bima ingekuwa ya kweli, ningedai kama nani? Mama alikwenda Kamisheni ya Wakfu kule Unguja kufuatilia hati ya mirathi, mimi nikaenda forodha mwenyewe na kibali changu kilichokwisha mkononi, nikatetemeka, nikakadiriwa, nikalipa. Hakuna aliyenifokea. Kiasi kilikuwa kidogo kuliko nilivyokuwa nikikiota usiku, na sasa vespa ina namba za MC, za pikipiki za Bara, na kadi yenye jina langu. Miezi yote ile nilikuwa namkimbia mtu ambaye kumbe anakaa dirishani anasubiri foleni.

Kuhusu wizi, nimehamisha inapolala, kwa sababu picha ya korido wanayo. Lile lock la usukani mwizi analivunja kwa teke moja, msilitegemee. Mimi napitisha mnyororo kwenye tairi ya nyuma mpaka kwenye nguzo, nafunga mafuta, na kofia ya plagi nalala nayo. Wenzangu wananicheka. Piga picha za namba zote mbili, injini na bodi, uzihifadhi kwa ajili ya polisi siku ya taabu, lakini usizirushe kwenye kundi kwa sababu tu mtu kasema chuma chako kizuri.

Namba za simu za wakala na za yule "afisa" nimezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na nimefungua taarifa polisi. Hela sitegemei kuziona. Yeyote aliyeshamtumia picha, akipigiwa na "afisa" asilipe kitu. Amuulize yuko ofisi gani, amwambie anakuja mwenyewe. Wangu nilimwambia hivyo alipopiga mara ya pili akitaka "gharama za gari la kubebea", na simu ikakatika hapo hapo.

Picha yake ya wasifu amebadilisha, sasa kavaa suti. Juzi kaonekana kwenye kundi la wenye Land Rover za zamani, ila huko haiitwi tena bima ya vyombo vya kale. Inaitwa bima ya urithi, na bei imepanda.